Bakuli la Yotamu Mwezi wa Pili

Ijumaa ya tarehe 28 Februari 1913, Yotamu, mtunza ghala wa misheni yetu, alivua ufunguo shingoni akaukabidhi, baada ya utumishi wa miaka ishirini na mmoja. Kamba ya ufunguo ule imemwachia alama shingoni, na nadhani atazikwa nayo. Nimeombwa niandike wasifu wake katika jarida letu kwa sababu, hapa misheni, hakuna aliyekula nyumbani kwake mara nyingi kuliko mimi. Hilo silikatai. Nitaandika kama mlaji, na msomaji anisamehe nitakapokawia kidogo kwenye mchuzi.

Niseme mapema kwamba mtu huyu ametushtua. Nimeona meli ya moshi ikikata maji ya ziwa hili kwa mara ya kwanza, nimeona Wajerumani wakihamisha boma lao kutoka ufukweni kwenda milimani, nimeona watoto waliokuwa wakikimbia nikifungua kitabu wakisimama kusoma Zaburi. Yote hayo niliyazoea. Namna nyumba ya Yotamu ilivyokula ikashiba kwa mshahara ule, sijaizoea mpaka leo.

Alifika mwaka 1892 akiwa pagazi, misheni ikiwa bado ni vibanda viwili na rundo la magogo. Siku zile chumvi ilikuwa adimu, njia ilikuwa ndefu, na wapagazi wana ndimi kama watu wengine, kwa hiyo kila mzigo wa chumvi ulifika umepungua na hakuna aliyeuliza. Mzigo wa Yotamu ulifika kamili. Bwana Misheni, mkuu wetu, aliupima, akaupima tena akidhani mizani imeharibika, kisha akamtazama yule kijana mwembamba kwa muda mrefu. Wiki ile ile alimpa ufunguo wa ghala.

Ghala lilikuwa na mchele wa shamba la misheni, chumvi, misumari, nguo na sabuni. Yotamu ndiye aliyeinua sakafu yake juu ya mawe baada ya mchwa kula sanduku zima la vitabu vya nyimbo, na mafuriko ya mwaka jana yalipolifunika bonde, maji yalipita chini ya magunia yetu yasiloweshe hata moja. Hajawahi kuchelewa kufungua, isipokuwa asubuhi moja alipokuta nyoka amejikunja kwenye kitasa. Siku hiyo alikaa chini akamsubiri nyoka amalize shughuli zake, na sisi tulisubiri pamoja naye, maana hakuna aliyetaka kumharakisha.

Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa seremala, na mdogo kuliko wangu, ambao nao haupendezi kuutaja. Pamoja na hayo alioa, akapata watoto wanne, akajenga nyumba ya matofali mabichi yenye madirisha. Mkewe ni Neli, Mkisi wa ufukweni chini ya milima ya Matema, mfinyanzi, binti wa wafinyanzi. Sote tulimwona Neli akipita na vyungu kichwani. Hakuna aliyejiuliza yeye alikuwa anarudi na nini, na jambo hilo nitalirudia.

Kwanza nieleze kuhusu kula. Msomaji wa hapa anajua, ila jarida hili husomwa hata na wageni. Kwetu mwanamume hali peke yake. Wenye umri mmoja hula pamoja, leo kwa huyu na kesho kwa yule, na raha ya kukaa hivyo tunaiita ukwangala. Mtu anayejifungia ndani na chungu chake hufikiriwa mabaya, tena mabaya ambayo sitayaandika katika jarida la kanisa. Tulikuwa watano: Yotamu, mimi, Lameck seremala, Raphaeli wa mashua na Eliya wa bustani. Ubatizo haukutuondolea desturi hiyo, nasi hatukuuomba utuondolee.

Sasa basi, mwezi wa sita, mpunga ukishaingia, zamu kwa Lameck ilikuwa sikukuu. Wali ulifurika kwenye ungo, samaki walilaliana, tukala mpaka Raphaeli akafungua mkanda. Kwa Yotamu tulikuta bakuli moja la udongo, kubwa kiasi, na wali umeishia kwenye mstari uliochorwa chini ya mdomo wake. Haukupita mstari. Tulikula, tukanawa, tukatazamana, na tumboni nafasi bado ilikuwepo. Njiani Eliya alisema kwa huzuni, "Mwenzetu ameoa mstari."

Ukaja mwezi wa pili. Mvua imeloweka bonde, upepo umelaza migomba, vihenge vinatoa mwangwi ukivigonga. Kwa Lameck zamu ilirukwa kwa sababu mkewe anaumwa kichwa. Kwangu ilirukwa kwa sababu mke wangu Elizabeth amekwenda kwao, na kwa Raphaeli hatukufika hata mlangoni. Kwa Yotamu tulikuta bakuli lile lile, wali umefika kwenye mstari ule ule, na kando yake mchuzi wa usipa, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilipigwa na butwaa nikiwa nimeshika tonge. Mwaka uliofuata ikawa hivyo, na uliofuata tena, na kila mwaka nilishangaa kama mtu aliyesahau kwamba aliwahi kushangaa.

Mambo ya nyumba ile yalikuwa ya kuduwaza hata kwa mgeni aliyeketi tu. Chumvi ilikaa katika kifuko cha kitambaa, na kifuko kilitumbukizwa mchuzini kidogo, kama mtu anayejaribu maji ya mto kwa kidole cha mguu, kisha kikatolewa na kutundikwa tena juu ya meko. Vichwa vya samaki vilichemshwa leo na kesho. Majivu ya maganda ya ndizi yalifulia nguo, na sabuni ilisubiri Pasaka. Koti alilopewa Yotamu mwaka wa ubatizo wake lilivaliwa mpaka likapauka, ndipo Neli akaligeuza nje ndani, likaanza maisha mapya. Lililonishtua kuliko yote lilikuwa taa. Kila tulipoinama kuomba, Yotamu aliipuliza ikazimika, na baada ya amina akaiwasha kwa kaa la moto. Nilipomuuliza, alijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, si tumefumba macho?"

Lakini watoto wake hawakupata kulala njaa. Mgeni aliyefika bila kutarajiwa alipata sehemu yake. Mjane wa jirani yao, Anyosisye, alipelekewa chakula mpaka alipofariki. Nyumba haikuwa na sura ya dhiki hata kidogo, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mwaka jana, yale mafuriko niliyoyataja yalipofagia migomba, njaa ilibisha hodi kila nyumba, na bakuli la Yotamu likabaki vile vile. Maneno yakaanza. Mtu anayelisha wanaume watano mwezi wa pili, tena mwenye ufunguo wa ghala shingoni, ametoa wapi? Sisi hapa tunajua kwamba njaa ni ya wote, inapita kila mlango kama mvua. Ikimruka mmoja, hatusemi ana busara. Tunasema ana siri.

Aliyeyapeleka maneno hayo kwa Bwana Misheni alikuwa Angetile, mzee wa kanisa, mdogo wa baba yake Yotamu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipopata habari nilikaa kwenye dawati la watoto. Simsingizii Mzee Angetile ubaya, kwa kuwa mwenyewe alisema aliogopa mwizi asije akatokea katika ukoo wake na yeye akaonekana amemficha. Bwana Misheni aliamua nyumba ipekuliwe. Kama ungepatikana mchele wa ghala hata kibaba kimoja, Yotamu angefukuzwa, angekosa shamba la Ngonga aliloahidiwa kwa utumishi wake, na jina lake lingeondolewa katika meza ya Bwana. Yotamu aliyasikia hayo amesimama, ufunguo kifuani. Alisema tu, "Karibuni nyumbani," kama vile ilikuwa zamu yake.

Niliteuliwa shahidi. Tuliingia na Mzee Angetile na mzee mwingine mmoja. Sebuleni hapakuwa na kitu. Jikoni hapakuwa na kitu. Ndipo Angetile aliposogeza mkeka uliotundikwa nyuma ya kitanda, na sote tukasimama kama tuliomwagiwa maji. Vyungu vilikuwa vimepangwa toka ukuta hadi ukuta, vikubwa, kila kimoja kimezibwa kwa jani la mgomba na udongo. Angetile alipasua udongo wa chungu cha kwanza. Ndani mlikuwa na mchele, mwezi wa pili, katika nchi isiyo na mchele. Alimnyooshea Yotamu mkono, na Yotamu akavua ufunguo akampa. Niliona ile alama ya kamba kwa mara ya kwanza. Nasema wazi kwamba moyo wangu ulivunjika, kwa kuwa hata mimi, niliyekula pale miaka yote, niliamini nilichokiona.

Neli hakuwemo chumbani, wala hangeweza kuingia. Kwa desturi yetu mke hamtazami baba mkwe wake wala hasemi naye, na Angetile kwake ni baba mkwe. Alikuwa amesimama nje, nyuma ya ukuta, chini ya matone ya paa. Sauti yake ilipita dirishani, ikaelekezwa kwangu, kwanza kwa salamu. "Mwalimu, ugonile. Waambie hao ulio nao wasichungulie chungu. Wamimine."

Tulitandika mkeka tukamimina. Juu ulitoka mchele mwekundu, wenye chenga. Chini yake ukatoka ulezi. Chini ya ulezi mchele mweupe wa punje fupi, halafu mahindi makavu, halafu mchele mwingine tena. Tulimimina chungu cha pili, nacho kikawa na matabaka yake. Mchele wa ghala letu ni wa aina moja, punje ndefu, kutoka shamba moja, na hakuna mtoto wa misheni asiyeujua. Punje yake haikuwemo hata moja.

Neli aliendelea kunieleza nyuma ya ukuta, na mimi nikawa narudia kila neno kwa mtu aliyekuwa anayasikia yote vizuri. Wakisi huuza chungu kwa ujazo wake. Mnunuzi hukijaza nafaka yake, mfinyanzi huimimina kwenye kikapu, na mnunuzi huondoka na chungu. Jumamosi mchana Yotamu alipofunga ghala, walibeba vyungu wakaenda Ndandalo, Jumamosi nyingine Ngonga, nyumba kwa nyumba. Nusu ya walichopata waliila. Nusu nyingine iliingia chunguni, ikazibwa, na mtu asiiguse mpaka mvua za mwezi wa kwanza. Tena kila siku, kabla ya kutia mchele katika chungu cha kupikia, Neli alirudisha akiba konzi moja. Sote tumekua tukiimba kwamba haba na haba hujaza kibaba. Wimbo tulikuwa nao, ila kibaba alikuwa nacho Neli.

Chungu cha mwisho kilipomiminwa, katikati yake yalitoka maharage meupe yenye madoa mekundu. Mzee Angetile aliyaokota, akayatazama kiganjani, akakaa sakafuni. Mbegu ile aliileta mwenyewe kutoka kwa wajomba zake milimani, na bondeni humu haipandwi na mtu mwingine. Mkewe alinunua chungu kwa Neli akakijaza maharage ya shamba lake. Chungu hicho kilikuwa nyumbani kwake, jikoni, kikipika chakula chake kila siku, na mzee alikuwa hajui kimetoka wapi. Alikaa pale mpaka mvua ikapungua. Kisha aliinuka, akamvisha Yotamu ufunguo kwa mikono yake miwili.

Bwana Misheni alithibitisha shamba la Ngonga siku ile ile. Mzee Angetile, kama ilivyo haki, alitoa ndama wa fidia. Hapo Yotamu alitushtua upya, kwani alimkataa ndama. Alisema ndama wa fidia huliwa siku moja na watu wote, na siku ya pili watu wote wana njaa na ndama hayupo. Akaomba badala yake kwamba nyumba zetu tano, na ya Mzee Angetile, zitenge konzi moja kila mpishi anapopika, ziweke chunguni, zizibe, zisiguse mpaka mvua. Lameck alinong'ona kuwa afadhali wangemchinja yule ndama tu. Tulikubali kwa aibu, kwani midomo yetu ilikuwa imemla Yotamu mwaka mzima, wali wake na jina lake.

Mwaka huo ulikuwa mrefu. Elizabeth, ambaye alikuwa akipika kama anayesubiri jeshi, alichora mstari kwenye bakuli letu, nami nikanuna mpaka mavuno yakaisha. Kwa Raphaeli chungu kilizibuliwa mwezi wa nane kwa sababu alikuja shemeji, kikaanzwa upya kwa ugomvi. Eliya alizika chake bustanini ili asikione, akasahau alipokizika, akachimbua robo ya viazi vya misheni mpaka akakipata.

Halafu Yotamu akatangaza kustaafu mwisho wa Februari. Kamati ya kuaga ilishtuka. Nani anaagwa mwezi wa njaa? Tulimsihi angoje mwezi wa sita, tumfanyie karamu inayomstahili. Alijibu kwamba mwezi wa sita kila mtu ameshiba, na karamu ya walioshiba ni kazi bure. Tulidhani ni ule ubahili wake umepanda hadi kichwani. Tukajiandaa kumuaga kwa nyimbo na maji ya kunywa.

Ijumaa ile mvua ilikuwa ya manyunyu. Ufunguo ulikabidhiwa, sala ikasemwa, na watu wakamsindikiza Yotamu nyumbani kwake. Ndipo nilipowaona wanawake njiani. Elizabeth alikuwa wa kwanza, na chungu kichwani, kizito, kimezibwa kwa udongo. Nyuma yake mke wa Lameck, wa Raphaeli, wa Eliya. Sikuamini macho yangu, ingawa kimoja kilitoka jikoni kwangu. Vilikuwa vyungu vya Neli, alivyowauzia mwenyewe, vinarudi kwake vimejaa, Februari. Miaka yote chungu kilitoka kwake kitupu na nafaka ikabaki kwake. Siku ile alipewa nafaka na chungu juu yake. Neli aliziba mdomo kwa upande wa kanga. Yotamu, ambaye hakutikisika mbele ya nyoka wala mbele ya upekuzi, alilia waziwazi, na hakuna aliyemtania.

Wa mwisho alikuwa Mzee Angetile. Alibeba chungu chake mwenyewe, kitu ambacho wazee hawafanyi. Hakusogea mlangoni. Alikiweka katikati ya njia, mbali kidogo, kisha akaigeuzia nyumba mgongo na kusimama kwenye manyunyu akitazama ziwa, ili mkwewe aweze kutoka. Neli alitoka. Alizibua udongo, akamimina maharage yenye madoa mekundu kwenye ungo mpaka chungu kikafika nusu, akaacha. Akakiziba tena kwa jani, akarudi ndani. Yotamu alimwambia mzee kwa sauti ya kawaida kwamba chungu kiko tayari. Angetile aligeuka, akakinyanyua, na uzito ukamwambia kilichotokea. Alisimama nacho, hajui kama ametukanwa.

"Baba," alisema Yotamu, "mwezi wa tatu haujapita na njaa yake."

Nusu ile ile walirudishiwa wote. Elizabeth alirudi na yake, na ndiyo tunayoila ninapoandika haya.

Yotamu, ndaga fijo, asante sana, kwa miaka ishirini na mmoja ya ghala kavu. Neli, ndaga fijo kwa kila bakuli. Mkae salama Ngonga, mpunga uwapokee, udongo usikupungukie mikononi, mama. Zamu yenu ikifika tutavuka mto kuja kula, sote wanne, na tunajua wali utaishia wapi.

Hezroni, mwalimu